Risala ya Mabeki na Kipa wa Timu ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Beki Mstaafu

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mgeni rasmi, shikamoo. Karibu sana katika siku yetu ya michezo.

Kabla ya yote tuna jambo la kuomba radhi. Risala ya michezo hapa shuleni huandikwa na nahodha, na nahodha wetu ni fowadi. Mwaka huu tuliposikia kwamba mgeni rasmi ni beki, sisi namba mbili, namba tatu, namba nne na namba tano, tukiwa na kipa wetu, tulimwendea mwalimu wa michezo tukaomba kalamu ihame. Nahodha alinuna siku mbili. Yuko pale mstari wa mbele, soksi amezipandisha mpaka magotini, na kwa kuwa sasa hivi anacheka, tunachukulia kwamba yamekwisha.

Mgeni rasmi, tulitaka kusimulia maisha yako ya soka tangu mwanzo mpaka ulipotundika daluga, kama ilivyo desturi ya risala. Tukakwama mapema. Mshambuliaji ana orodha yake: alifunga dhidi ya fulani, dakika fulani, kwa mguu fulani. Kwako tulipata mechi nyingi, kadi za njano nazo si haba, utusamehe kwa kuzitaja mbele ya wazazi, na bao moja la kichwa lililotokana na kona. Tukamfuata mwalimu wa michezo, ambaye alikuwa akija uwanjani kukutazama enzi za ujana wake, tukamwomba atutajie mechi uliyocheza vizuri kuliko zote. Alifikiri sana. Akaikumbuka mechi, akakumbuka tope lilivyokuwa, halafu akasema: "Siku hiyo yeye simkumbuki. Namkumbuka straika wao. Alianza katikati, akahamia kulia, akaenda kushoto, akarudi katikati, na kipindi cha pili akawaonyesha benchi ishara ya kubadilishwa, wala hana jeraha lolote."

Tumeandika hivyo hivyo alivyosema. Ndiyo kumbukumbu bora tuliyoipata juu yako, na ndani yake wewe humo.

Kuhusu lile bao moja, mgeni rasmi, mafowadi wa shule hii walicheka tulipowaambia. Tukawajibu kwa beki Lilian Thuram. Aliichezea timu ya taifa ya Ufaransa mechi 142 na kufunga mabao mawili tu, yote usiku mmoja, tarehe 8 Julai 1998, katika nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Croatia. Croatia walitangulia kufunga mwanzoni mwa kipindi cha pili, na Thuram mwenyewe ndiye aliyekuwa amebaki nyuma akamfanya Davor Šuker asiwe ameotea. Dakika moja tu baadaye akapanda, akapokonya mpira, akasawazisha. Baadaye akafunga la pili kwa mguu wa kushoto, ambao si mguu wake. Ufaransa wakashinda 2-1, na siku nne baadaye wakatwaa kombe. Mafowadi wakasema huyo alibahatisha. Sisi tunasema alikuwa analipa deni.

Mgeni rasmi, wiki mbili zilizopita ulikuja mazoezini kwetu bila kutuarifu. Tulidhani utatupanga mstari utuonyeshe namna ya kuingia kwa kuteleza, maana ndiyo tunayoipenda, inarusha vumbi na watu wanashangilia. Wewe ukaomba fulana, ukaingia kucheza beki wa kati kwa dakika kumi, na dakika zote kumi ulitembea. Hukukimbia hata mara moja. Nahodha wetu, ambaye ndiye mwenye mbio kuliko wote shuleni, hakukupita. Kila alipopewa pasi alikukuta umeshafika, kama mtu aliyemtangulia kwenye kiti.

Halafu ulikuwa unasema. "Toka! Kaa! Kulia kwako! Mwache huyo, mwache!" Kipa wetu anasema katika dakika hizo kumi alisikia sauti yako mara nyingi kuliko ya kwake mwenyewe kwa msimu mzima. Mchezo uliposimama ukamgeukia namba nne ukamuuliza: "Bila kugeuka, namba tisa yuko wapi?" Namba nne akaduwaa. Namba tisa alikuwa nyuma yake, hatua mbili, amejiziba mdomo asicheke. Ukasema beki huangalia bega la kushoto, bega la kulia, kisha mpira, na anafanya hivyo mpira ukiwa bado mbali, kwa sababu ukishafika hakuna tena muda wa kuangalia. Tangu siku hiyo mazoezini kwetu tumekuwa kama kuku waliosikia mwewe. Vichwa havitulii. Wapita njia wanatushangaa, ila mabao ya kufungwa kwa mipira ya nyuma ya migongo yetu yamepungua.

Tulipotazama mikanda ya zamani tukaona kitu hicho hicho kwa Fabio Cannavaro. Hafiki hata mita 1.80, na alicheza beki wa kati dhidi ya majitu. Katika Kombe la Dunia la 2006 nchini Ujerumani, Italia walifungwa mabao mawili tu katika mechi saba: moja walijifunga wenyewe dhidi ya Marekani, na la pili ni penalti ya Zidane wa Ufaransa kwenye fainali. Yaani hakuna mpinzani aliyewafunga mpira ukiwa unachezwa. Fainali hiyo ilikuwa mechi ya 100 ya Cannavaro katika timu ya taifa, na mwaka huo huo akapewa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka. Tuzo hiyo ilianza 1956, na mabeki waliowahi kuipata wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, vidole vikabaki: Franz Beckenbauer mwaka 1972 na 1976, Matthias Sammer 1996, na Cannavaro. Kipa wetu ameomba iingie kwenye risala kwamba makipa wana hali mbaya zaidi, ni Lev Yashin peke yake, mwaka 1963. Imeingia.

Mgeni rasmi, baada ya mazoezi yale ulikaa nasi kwenye nyasi ukatueleza ulivyoanza. Kwamba ulikuwa fowadi kama watoto wote, mpaka siku beki alipokosekana, kocha akakurudisha nyuma "kwa mechi hii tu". Mechi hiyo ikachukua maisha yako yote ya uwanjani. Namba mbili wetu alicheka sana kwa sababu naye alirudishwa hivyo hivyo, na bado anasubiri mechi hiyo iishe.

Ulitueleza pia jambo ambalo sisi hatukulijua, kwamba ulipoanza, beki akibanwa alimrudishia kipa mpira na kipa akaudaka kwa mikono, akatulia, akaupiga chini, akaudaka tena. Timu iliyoongoza bao moja ingeweza kuua mchezo namna hiyo. Baada ya Kombe la Dunia la 1990, ambalo mabao yalikuwa machache mno, sheria ikabadilishwa, na kuanzia 1992 kipa hakuruhusiwa tena kudaka pasi ya makusudi ya mguu kutoka kwa mwenzake. Ulisema msimu ule mabeki wenzako wenye umri mkubwa walikuwa kama watu waliofungiwa mlango wa nyuma wa nyumba yao. Waliokuwa na mguu mmoja tu walibutua kila kitu nje. Wewe ukabaki kila siku baada ya mazoezi ukipiga mpira ukutani kwa mguu wa kushoto, mpaka mlinzi wa uwanja akaja kukufukuza. Kisha kabla ya Kombe la Dunia la 1998 waamuzi wakaelekezwa kutoa kadi nyekundu kwa anayemvamia mtu kutoka nyuma na kumhatarisha, nawe ukalazimika kujifunza upya ukiwa mtu mzima. Sisi tumezikuta sheria zote zimeshakaa. Hatukujua kwamba kuna watu kazi yao ilibadilishwa katikati wakiwa kazini.

Tungeweza kuishia hapo tukasema ahsante. Lakini risala ina sehemu ya changamoto, na changamoto yetu ni moja kubwa.

Katika nusu fainali ya mashindano ya shule, tukiwa sare, dakika zimebaki chache, ilipigwa krosi ya chini kutoka upande wa kulia. Namba tano alikuwa peke yake. Hakuna aliyemsukuma. Aliunyooshea mguu mpira ili autoe kona, ukamgonga sehemu ya ndani ya kiatu, ukazunguka taratibu, ukampita kipa aliyekwisha kuruka upande mwingine. Taratibu kabisa, mgeni rasmi. Tungeweza kuukimbilia, lakini wote tulisimama tukiutazama. Tukatolewa. Kwenye gari la kurudi hakuna aliyemlaumu, na hakuna aliyeongea naye. Tumegundua baadaye kwamba la pili lilimuumiza kuliko ambavyo la kwanza lingemuumiza. Wiki tatu hakuja mazoezini. Amekubali tulisome hili, na yeye ndiye aliyeandika sentensi ya mpira kuzunguka taratibu.

Siku ile ulipokuja, yeye alikuwa kando ya uwanja na sare ya shule, begi begani. Hatujui nani alikuambia. Ulienda ukaketi naye muda mrefu kuliko uliokaa na sisi. Keshoye akaja na viatu. Hajatuambia mlizungumza nini, nasi tumemwacha.

Ila tukaanza kutafuta, kila mmoja kwa wakati wake, mabeki waliowahi kuanguka. Si kazi ngumu. Fowadi akikosa mara tano na kufunga ya sita anabebwa mabegani. Beki akiokoa mara tano na kukosea ya sita, hiyo ya sita ndiyo inayorudiwa kwenye televisheni. Tulimwona Samuel Kuffour wa Ghana, beki wa Bayern Munich, usiku wa tarehe 26 Mei 1999 kule Barcelona, kwenye fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Bayern walikuwa wanaongoza 1-0 tangu dakika ya sita. Zikaingia dakika za majeruhi, Manchester United wakafunga la kwanza, kisha la pili, zote kutoka kwenye kona. Kuffour alikuwa na umri wa miaka 22. Alianguka akawa anapiga ngumi ardhini, analia, na mwamuzi Pierluigi Collina anajaribu kuwainua wachezaji wa Bayern ili mpira uanze upya. Picha hiyo kila mtu anaijua. Ambayo watu hawaikumbuki ni ya tarehe 23 Mei 2001 mjini Milano: fainali ile ile, dhidi ya Valencia, Kuffour yumo kwenye kikosi kilichoanza, na safari hii Bayern wanashinda kwa mikwaju ya penalti.

Tulimwona Franco Baresi wa Italia. Katika Kombe la Dunia la 1994 aliumia goti kwenye mechi ya pili, dhidi ya Norway, akapasuliwa. Kila mtu alijua mashindano yake yamekwisha. Siku 24 baada ya kuumia alikuwa uwanjani kwenye fainali dhidi ya Brazil, kwenye jua kali la Pasadena, na kwa dakika 120 Romário na Bebeto hawakupata bao. Halafu zikaja penalti. Akaenda yeye wa kwanza, akaupaisha juu ya mwamba. Brazil wakachukua kombe. Wengi wanasema ni Roberto Baggio aliyekosa, na ni kweli alikosa, lakini wa kwanza kukosa alikuwa ni beki aliyetoka kitandani.

Na mashindano hayo hayo yana jina ambalo tulibishana kama tulisome. Tumeamua kulisoma. Andrés Escobar wa Colombia alijifunga dhidi ya Marekani tarehe 22 Juni 1994, akijaribu kukata krosi ya chini. Tarehe 2 Julai, akiwa amesharudi nyumbani Medellín, aliuawa kwa risasi. Alikuwa na miaka 27. Tulipomaliza kusoma habari zake, namba tano alisema tu: "Krosi ya chini." Hatukuongeza neno.

Mgeni rasmi, hata wale waliopata kila kitu wana mahali panapouma. Paolo Maldini aliingia timu ya wakubwa ya Milan tarehe 20 Januari 1985, ana miaka 16, akitokea benchi, na akaondoka 2009 akiwa na 40, klabu ni ile ile. Mechi zaidi ya 900. Ubingwa wa Ulaya mara tano. Lakini Kombe la Dunia hakulipata, na fainali ya Ulaya ya 2005 alifunga yeye katika dakika ya kwanza, wakaenda mapumziko wakiongoza 3-0 dhidi ya Liverpool, wakaishia kulikosa kombe. Kwenye mechi yake ya mwisho ya nyumbani baadhi ya mashabiki wa timu yake wakamzomea. Miaka 24, halafu mluzi wa kukuzomea unapozunguka uwanja kuaga. Hili tulilijadili sana bila kulipatia jibu. Labda wewe unalo.

Sasa maombi yetu.

La kwanza linahusu kichwa. Ulituambia kwamba enzi zenu kocha alikuwa anakurushieni mipira baada ya mazoezi, mnapiga kichwa makumi kwa makumi mpaka paji la uso linakufa ganzi, na hakuna aliyeuliza. Mwalimu wetu wa baiolojia ametusomea utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Watafiti walifuatilia wanasoka wa kulipwa wastaafu 7,676 wa Uskoti, na mwaka 2019 wakaeleza kwamba vifo vinavyotokana na maradhi ya kuharibika kwa ubongo vilikuwa mara tatu na nusu kuliko kwa watu wengine wa rika lao. Mwaka 2021 wakayaangalia maradhi hayo kwa namba za uwanjani. Makipa walikuwa karibu sawa na watu wa kawaida. Mabeki ndio waliokuwa juu kuliko wote, mara tano hivi. Na baada ya matokeo yale ya 2019, tangu 2020 vyama vya soka vya Uingereza na Uskoti vimeelekeza kwamba watoto wa miaka 11 kushuka chini wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini. Hatusemi haya kukutisha, mgeni rasmi, na tunakuombea afya njema wewe na wenzako wote. Tunaomba utusaidie, pamoja na mwalimu wetu, kupanga mazoezi ambayo kichwa kinafundishwa kwa mipira michache na myepesi, na siku nyingine kisifundishwe kabisa. Wewe ukisema, mafowadi hawatatuita waoga. Tukisema sisi, wataita.

La pili ni dogo. Tunaomba uje tena, hata mara moja kwa muhula, utembee dakika kumi katikati ya uwanja ukipiga kelele.

La tatu ndilo lililotufanya tuombe kalamu. Wageni rasmi huombwa watueleze siri ya mafanikio yao, na tumezisikia siri nyingi kwenye viti hivi. Wewe tunakuomba utueleze kosa lako moja. Lile kubwa. Bao ambalo uwanja mzima ulijua ni lako, na kesho yake asubuhi ukaamka. Uliinukaje? Ulienda kwa miguu mazoezini au uliomba lifti ujifiche? Nani alikuwa wa kwanza kuongea na wewe, na alisema nini? Nani hakuongea? Mechi iliyofuata, krosi ya kwanza ilipokuja, mguu ulikuwa mwepesi au mzito? Hayo hayamo kwenye mikanda tuliyotazama. Tumetafuta.

Kama hutaki kulisema mbele ya kipaza sauti, tutakuelewa, tutalisubiri kwenye nyasi.

Mwisho, mgeni rasmi, tulikuona ukipanda jukwaani. Ulipanda vizuri. Lakini siku ile uliposhuka kwenye ngazi za darasa ulishuka kiubavuubavu, mkono umeshika ukuta, goti la kulia hulikunji, na ulipoona tunatazama ukajifanya unatafuta kitu mfukoni. Ngazi za jukwaa hili hazina pa kushika. Kwa hiyo ukimaliza kuzungumza nasi, namba tano atakuwa amesimama upande wako wa kulia, hatua moja nyuma. Huna haja ya kugeuka kumtafuta.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, mabeki wanne na kipa.